Taa Haina Jirani

Jumatatu, 2 Machi 1998

Leo taa zimewaka. Naandika kwenye daftari hili kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia, na ukuta nimeshauambia mara mbili.

Njia panda ya chini ya Sekei, pale barabara ya Moshi inapokutana na ile inayoshuka kutoka mlimani, sasa ina taa nilizozibuni mimi, Hedwiga, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi. Si taa za kawaida. Chini ya lami nimezika nyaya. Gari likipita juu yake, kisanduku kilichoko kando kinajua kwamba chuma kimepita, kisha kompyuta yangu, iliyoko chumba cha juu ya duka la mabati, inaamua upande upi upewe kijani na kwa muda gani. Penye foleni ndefu panapewa muda zaidi. Muda ukifika kikomo unakatwa, hata kama foleni haijaisha, ili na wengine wapite. Hiyo ndiyo haki kwa jinsi ninavyoielewa mimi.

Manispaa wamenipa masika yote ya kujaribu. Mwisho wa Mei madiwani wanakaa. Wakizikubali taa, chuo kitanipa maabara na wanafunzi wa utafiti, nami nabaki Arusha. Wakizikataa, nakwenda Gaborone, ambako wameshanipa nafasi ya kufundisha na wananitaka niwajibu kabla ya katikati ya Juni. Nusu ya idara yetu imeshahamia huko. Sitaki Gaborone. Nilikaa Uholanzi miaka sita nikisomea mambo haya, najua chakula cha mtu mmoja kinavyokuwa. Ingawa hapa nako, tuseme ukweli, napikia sufuria ileile ndogo.

Jumanne, 3 Machi

Gari la kwanza kupita kwenye taa nyekundu: la manispaa.

Alhamisi, 5 Machi

Mwalimu Elihuruma amepanda ngazi zote hadi chumbani kwangu, na mguu wake mbovu. Ndiye aliyenifundisha fizikia nilipokuwa msichana peke yangu darasani kwenye shule ya ufundi. Sasa amestaafu, analima kahawa na migomba kwao Poli, mteremkoni huku upande wa mashariki. Jumamosi nyingi za ujana wangu nilikula mezani kwake. Mkewe, Mama Ruth, alikuwa akinipakulia machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kisha anasimama pembeni kuangalia kama namaliza.

Aliketi dirishani akaangalia chini muda mrefu. Foleni ya barabara ya Moshi ilikuwa ndefu, na taa ikaiongezea muda bila mtu kuigusa.

"Inafikiri," akasema.

"Haifikiri, Mwalimu. Inahesabu tu."

"Usiniharibie furaha yangu, Hedwiga. Nimesema inafikiri."

Kisha akaniambia kwamba kila anayepanda gari pamoja naye atalazimika kusimama kwenye nyekundu, awe anataka au hataki. Namwamini. Mtu huyu aliwahi kumrudisha mkuu wa shule nje ya karakana kwa sababu alikuwa amevaa tai karibu na mashine.

Alipoondoka akasema Mama Ruth ananiulizia. Nikasema nitakwenda kumwona wiki ijayo.

Jumanne, 10 Machi

Darasani, mwaka wa pili. Nimewaeleza jinsi nyaya zinavyohisi chuma. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, mkokoteni wa mbao je?" Nikamwambia hautaonekana, labda mhimili wake. "Na mtu anayetembea kwa mguu?" Hataonekana. "Sasa Madam, taa ya wenye magari peke yao?" Darasa zima likacheka. Nikawapa zoezi gumu ili wanyamaze.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Hizi za El Niño hazijaondoka vizuri, na masika nayo yamefika. Kisanduku kimestahimili.

Jumamosi, 21 Machi

Kundi la ng'ombe limetoka upande wa mlimani asubuhi likasimama kwenye nyekundu, na likaendelea kusimama, kwa sababu ng'ombe hana chuma na taa yangu haikujua kama kuna kiumbe pale. Mwenye ng'ombe, mama mmoja anaitwa Namelok, alikuja chini ya dirisha akanipigia kelele.

"We mama wa taa! Unawaona hawa au huwaoni?"

"Nawaona!"

"Sasa?"

Nikashuka na mwavuli nikasimamisha magari kwa mkono. Afande Sifael, trafiki wa njia panda hii tangu enzi na enzi, alikuwa amesimama kibarazani pa duka la mabati anakunywa chai. Hakunisaidia. Aliniangalia kama mtu anayeangalia sinema aliyokwisha kuambiwa mwisho wake.

Ijumaa, 27 Machi

Jirani yangu, Susana, Mama Hope, amekuja kuniomba niingie kwenye chama chao cha akina mama wa mtaa. Wanakutana Jumapili, wanazungumza, wakipata msiba wanakwenda pamoja, mtu akijifungua wanakwenda pamoja. Alisema hayo yote akichungulia nyuma yangu, kuona ndani kuna nini. Hakuna kitu, Mama Hope. Kuna meza, vitabu na redio.

Nikamwambia masika haya nina kazi nyingi. Yeye hana neno baya ila ana maneno mengi, na mimi Jumapili nataka kunyamaza. Akasema, "Haya dada, mlango uko wazi." Baadaye niliona nimebaki nimeshika kitasa kwa muda bila sababu.

Alhamisi, 2 Aprili

Afande Sifael ananiharibia kazi. Tangu serikali ilegeze masharti na kila mwenye uwezo akaagiza gari lake, mji umejaa magari yaliyokwisha kutumika Japani, mengine bado yana maandishi ya huko ubavuni. Juu yake kuna misafara ya magari meupe ya mahakama ya Umoja wa Mataifa. Taa inajitahidi. Lakini Sifael akimwona mtu anayemfahamu, anaingia katikati, anainua mkono, anampitisha. Leo amempitisha mchungaji, mama mjamzito, na lori la ndizi ambalo sijui lilikuwa na udhuru gani. Nyaya zinahesabu magari yaliyopita kinyume cha taa, na kwa madiwani itaonekana kwamba watu hawatii.

Nimemwambia. Akajibu kwa upole: "Madam, wewe unaona magari. Mimi naona watu waliomo ndani."

Jibu zuri la kuchapisha kwenye kalenda. Mimi lilinikera.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimekwenda kwa mkuu wa trafiki nikaomba Afande Sifael ahamishiwe kwingine hadi mwisho wa majaribio. Wamekubali bila ubishi. Amepelekwa upande wa Elerai. Alipokuja kuchukua koti lake la mvua kutoka dukani, aliniinulia kofia.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Nilikwenda misa ya kwanza nikarudi. Mtaa mzima unanuka nyama ya kuchoma. Kaka yangu alipiga simu kutoka Rombo, kwenye duka la Mangi hapa mtaani, nikaitwa, nikafika simu imeshakatika. Nikasubiri dukani kama atapiga tena. Hakupiga. Mangi akanipa soda ya bure, nadhani kwa jinsi nilivyokuwa nimesimama.

Nimeshinda nikisahihisha mitihani. Nimekula wali wa jana. Sikulia, ila nilizima redio walipoanza kusoma salamu za sikukuu, fulani anamsalimu fulani wa pahali fulani na wote wanaomfahamu.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Taa ziko sawa.

Jumanne, 28 Aprili

Susana ameniambia uani, tukianua nguo mvua ikianza, kwamba Mama Ruth amelazwa. "Anaumwa sana, dada. Twende Alhamisi?" Alhamisi nafundisha hadi jioni. Nikasema nitakwenda peke yangu Jumamosi.

Jumamosi, 2 Mei

Umeme ulikatika njia panda. Nimekesha, yaani nimeshinda, na fundi wa betri. Sikwenda hospitali. Nitakwenda wiki ijayo.

Ijumaa, 8 Mei

Mama Ruth amefariki leo alfajiri.

Niliambiwa na Susana, aliyeambiwa na mwingine. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomwona, nikakumbuka ilikuwa kabla ya Krismasi ya mwaka juzi. Alinifungia ndizi kwenye gunia, nikamwambia ni nyingi mno kwa mtu mmoja, naye akaniangalia tu.

Jumamosi, 9 Mei

Susana amekuja na khanga mbili begani, moja yangu. Kwa Mwalimu kunakaliwa kila jioni hadi maziko. Kuna kikao cha msiba: nani atapika, nani ataleta turubai, maiti itatoka lini hospitalini, msafara utapita wapi.

"Twende dada. Kuketi tu. Hawahitaji useme chochote."

Nikamweleza kwamba hizi ni wiki za mwisho, kwamba ripoti ya madiwani inasubiri, kwamba nikiondoka na nyaya zikileta shida mvua hii hakuna wa kuzitazama. Yote ni kweli. Nikampa bahasha ya rambirambi ampelekee Mwalimu. Akaipokea. Khanga ya pili akaikunja polepole akaiweka kwenye kapu.

Kweli nyingine naiandika hapa tu: naogopa vikao vya msiba. Wote wanajua wakae wapi. Wote wana mtu wa kumwegemea wakilia. Mimi nikiingia wanasogea kunipa nafasi, na nafasi yenyewe huwa kubwa mno.

Jumanne, 12 Mei

Siku bora ya masika yote!

Mvua ilianza kabla ya saa sita, ile ya kumwagika, hadi mlima ukafutika. Kwa kelele zake juu ya bati sikusikia hata redio yangu. Magari yote yamewasha taa za mbele kwa giza. Barabara ya kutoka mjini ikaja foleni ndefu kuliko zote nilizowahi kuona, magari yakiwa yamefuatana karibukaribu, na malori mawili mwishoni. Mtambo ukawapa kijani, ukaongeza, ukaongeza tena, hadi kikomo. Magari ya mbele yakapita, na mwishoni pikapu moja yenye turubai ikawahi. Gari la nyuma yake likakutwa na nyekundu.

Nikajisemea, sasa utaona, watapita wote. Siku zote katika mvua wanapita.

Hawakupita. Lile gari la mbele likasimama kabisa, nyuma ya mstari, kama kwenye kitabu. Na nyuma yake wote wakasimama. Hakuna aliyejaribu kupenya pembeni. Upande wa mlimani ukapata kijani, lori la viazi likaingia likazimika katikati, njia ikazibika. Hata hapo hakuna aliyepiga honi, kwani honi ningeisikia. Wakakaa ndani ya magari yao, taa zimewaka, wametulia kabisa, hadi lori likasukumwa na nyekundu ikawa kijani. Kisha wakaondoka mmojammoja, taratibu, bila kupitana.

Niliinuka nikapiga makofi peke yangu chumbani. Mji huu umejifunza! Nimeuweka mchoro wa siku ya leo ukurasa wa kwanza wa ripoti. Nilitamani awepo mtu mmoja tu wa kumshika mkono nimwonyeshe. Nilitamani awe Mwalimu Elihuruma, kisha nikakumbuka yuko kwenye msiba wake.

Jumatano, 13 Mei

Susana hakunisalimia asubuhi. Nikamfuata uani.

"Mama Hope, kuna nini?"

Alikuwa anakamua nguo nyeusi. Hakuacha. "Jana ulikuwa kule juu kwako?"

"Nilikuwepo."

"Ulituona?"

Nikamwuliza kina nani. Hapo ndipo alipoacha kukamua, na nilipoona uso wake nilijua kabla hajasema. Magari yaliyofuatana karibukaribu. Taa za mbele zimewaka. Kwetu Rombo hata mtoto anajua msafara wa maiti unavyokwenda, taa zimewaka mchana, na hakuna anayeukata. Mimi niliona foleni.

Akanieleza akiwa amesimama, bila kupandisha sauti. Ile pikapu yenye turubai ndiyo iliyokuwa na jeneza, pamoja na dereva na mzee mmoja wa kanisa. Gari la nyuma yake lilikuwa la Ephraimu, mtoto wa kaka yake Mwalimu, na Mwalimu alikuwa ameketi mbele. Taa ilipokuwa nyekundu Ephraimu alitaka kupita amfuate marehemu. Mwalimu akamwambia, simama. Ephraimu akasema, baba mdogo, mama anakwenda peke yake. Mwalimu akarudia, simama. Basi akasimama. Na nani angempita mfiwa? Watu wote nyuma wakakaa. Susana alikuwa kwenye lori la mwisho na akina mama, walikuwa wanaimba, wimbo ukawaishia kwa kusubiri, wakanyamaza.

Dereva wa pikapu hakuangalia nyuma kwa mvua. Jeneza lilifika getini Poli peke yake. Wazee waliokuwa wakilipokea hawakukubali liingie uani bila mume wala mtoto nyuma yake. Likakaa nje ya geti, mvuani, hadi wenyewe walipofika.

"Angekuwepo Afande Sifael," akasema Susana, "angetuona tangu kule darajani."

Alichukua beseni lake akaondoka. Mimi nilibaki pale uani nikilowa.

Alhamisi, 14 Mei

Nilipiga makofi. Sijui nitaliweka wapi jambo hili. Nilipiga makofi.

Jumapili, 17 Mei

Nilipanda gari hadi Poli. Nikatembea kwenye tope kupitia migomba hadi nikaliona geti. Watu walikuwa wanatoka kwenye ibada ya nyumbani, wamesimama uani na vikombe. Nikasikia sauti ya Mwalimu ikimwita mtu. Nikageuka nikarudi barabarani. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye shahada tatu, nimejificha nyuma ya mgomba ili mtoto aliyebeba kuni asinione. Hata hivyo aliniona. Akasema, "Shikamoo." Nikasema marahaba, nikazidi kwenda.

Jumatatu, 18 Mei

Mji mzima unajua. Dukani kwa Mangi nimesikia wanaziita taa za Hedwiga za kukata misiba. Darasani wanafunzi wamenyamaza kwa adabu, na adabu hiyo imeniuma kuliko kelele. Mkuu wa idara ameniuliza kama nimeshawajibu Gaborone. Akasema si kwa ubaya.

Jumatano, 20 Mei

Nimeutoa mchoro wa tarehe 12 kwenye ripoti. Nimeurudisha. Nimeutoa.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua inapungua. Leo mlima ulionekana wote asubuhi, hadi kileleni. Nikiwaza kuuacha, naumwa kabisa, hapa chini ya mbavu.

Alhamisi, 28 Mei

Naandika nikiwa bado na viatu nilivyovaa kwenye baraza la madiwani.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Sekei walikaa upande mmoja, na watu wa Poli upande mwingine, na nilipoingia nilimwona Mwalimu Elihuruma safu ya mbele, koti lile la kahawia, fimbo katikati ya magoti. Sikujua kwamba angekuja.

Nilisoma ripoti yangu. Nilipomaliza, Diwani Lengai, mtu mkubwa asiyependa kuzungushwa, akaniuliza: "Madam, tarehe kumi na mbili Mei haimo humu. Kwa nini?"

Nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha sentensi kuhusu hitilafu ya hali ya hewa. Sikuiweza. Nikasema, "Kwa mujibu wa mtambo, mheshimiwa, siku hiyo watu walitii taa kuliko siku zote. Lakini hawakuwa wanatii taa. Walikuwa wanamsubiri mfiwa. Mtambo haukujua, na mimi niliyekuwa naangalia kwa macho yangu sikujua."

Minong'ono. Lengai akasema basi jambo liko wazi, kitu kinachotenganisha maiti na watu wake hakiwezi kukaa mjini hapa, kizimwe, na anaomba madiwani wapige kura.

Mwalimu akainua fimbo. Akapewa nafasi.

"Mimi ndiye niliyesimama," akasema. Akangoja ukumbi utulie, kama alivyokuwa akingoja darasani. "Ephraimu alitaka kupita, nikamkataza. Tangu Machi nimewaambia watu wote nyekundu ni nyekundu. Nisingeweza kugeuza maneno kwa sababu msiba ni wangu. Niliona gari la mke wangu likipotea kwenye mvua. Nimeliona kila siku tangu hapo. Lakini msiionee taa. Taa haina jirani. Taa haikula kwa Ruth."

Akageuka. Sikuwahi kuona macho yake hivyo.

"Huyu alikula kwa Ruth. Siku nne tulikaa pale nyumbani kwangu, tukapanga saa, tukapanga njia. Kiti kilikuwepo. Angekuja akaketi hata kidogo, angesikia tunapita kwake saa ngapi. Alituma bahasha. Kosa ni la Hedwiga. Taa iacheni ifanye kazi, inafanya vizuri."

Akaketi. Nilibaki nimesimama mbele ya watu wote na karatasi zangu. Nilitaka sakafu ifunguke. Wakati huohuo, na sijui niseme vipi, nilihisi kama nimeitwa kwa jina langu baada ya muda mrefu.

Wakabishana. Hatimaye wakakubaliana hivi: taa zibaki, Afande Sifael arudi njia panda na apewe ufunguo wa kuzifanya zipepese njano msafara wa msiba ukipita. Ila lazima taarifa itolewe mapema. Karani akasema wenye misiba walete taarifa ofisini kwake saa za kazi. Watu wakacheka. Nani anakufa saa za kazi?

"Wapeleke kwa huyo," akasema Mwalimu bila kuinuka. "Sekei nyumba yake inajulikana. Wampelekee nyumbani, usiku au mchana. Apokee misiba yetu."

Lengai akaniuliza kama naafiki. Nikasema naafiki. Mikono ikainuka. Taa zimepita.

Nimepata nilichokuwa nakitaka. Maabara, wanafunzi, Arusha. Nimerudi nyumbani nikawasha taa ya sebuleni nikaketi. Mwalimu alitoka ukumbini kabla sijamfikia.

Jumatatu, 1 Juni

Nimekwenda Poli tena, safari hii hadi ndani ya geti. Mwalimu alikuwa barazani anachambua mbegu za maharage.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akaendelea na maharage. Kisha: "Umechelewa."

"Nimechelewa, Mwalimu. Naomba unisamehe."

Binti yake akaniletea kibuyu cha loshoro, uji wa mahindi na maziwa ya mgando, na kigoda. Nikanywa. Nikaanza kuchambua maharage upande wangu. Tukachambua hadi jua lilipoingia kwenye migomba. Niliponyanyuka kuaga akasema tu nisipite njia ya mtoni, kuna tope. Sijui kama amenisamehe. Nimepita njia ya juu.

Alhamisi, 4 Juni

Wa kwanza amekuja. Mwanamume kutoka Elerai, kofia mkononi, aliyesimama mlangoni bila kujua aanzeje. Akasema wana msiba, wanasafirisha maiti kwenda Machame kesho saa nne. Nikamshukuru, nikaandika saa nne, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akaniangalia kidogo, akaweka kofia kichwani, akaondoka.

Ijumaa, 5 Juni

Saa nne Afande Sifael alizungusha ufunguo, taa zikapepesa, msafara ukapita wote bila kukatwa. Akaniinulia mkono kutoka chini. Mimi dirishani. Magari yalipokwisha kupita nikagundua sijui aliyekuwa kwenye jeneza ni mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto. Nilikaa na jambo hilo siku nzima.

Nimewaandikia Gaborone kwamba siji.

Jumanne, 9 Juni

Leo jioni mlango umegongwa. Msichana, hajafika ishirini na tano, khanga imemfunika hadi machoni. Anaitwa Vaileth. Alinisalimia, akasema haraka kama mtu aliyekariri: maiti inatoka kesho saa tano, wanapita njia panda, wanakwenda Usa, njia ya Moshi.

Kwa taa, taarifa hiyo ilitosha. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Nikaiweka chini. Nikamwambia aingie. Akasema ana haraka, wanamsubiri. Nikamwambia maji yako jikoni tayari yamechemka. Akaketi ukingoni mwa kiti, na mimi nikavuta kile kingine, ambacho kwa kawaida nakiwekea vitabu.

"Marehemu anaitwa nani?"

Akaniangalia kama vile hakutarajia swali hilo nyumba hii.

"Eliasi," akasema. "Ni baba yangu." Na hapo ndipo alipolia.

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilikaa. Alipotulia akanieleza: fundi cherehani, mpole, mbishi wa mpira, alikuwa hawezi kukaa pahali bila kupiga mluzi. Mwisho alikuwa hana pumzi ya kupigia. Chai ikapoa, nikachemsha nyingine. Alipoondoka kulikuwa kumeingia giza, nikamsindikiza hadi kwa Mangi.

Kurudi nikapitia kwa Susana. Nikamwuliza kesho lori la akina mama linaondokea wapi. Akaingia ndani akatoka na khanga.

Ufunguo wa taa uko kwa Sifael. Kesho saa tano dirishani hakutakuwa na mtu.